Mwandĩki Haitahamia Windows

Jumatatu, 5 Julai 1999. Nyeri.

Ukungu tangu asubuhi. Mlima hauonekani. Hata bucha iliyo chini ya ofisi yangu inaonekana kwa shida.

Nilienda hospitali kumwona Mutahi. Figo zimemrudisha wodini. Amekonda, lakini akili yake haijakonda.

Mutahi ndiye aliyeandika Mwandĩki, programu inayochapa Kikuyu na viwimbi vyake vyote juu ya herufi. Bila viwimbi hivyo, jina la mtu husomeka kama la jirani yake. Aliiandikia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambayo ni ya bure, na yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani, aone ilivyotengenezwa, na kuibadilisha. Mwandĩki nayo aliitoa kwa masharti hayo hayo. Ninavyojua, mji huu una kompyuta mbili tu zinazotumia Linux. Moja ni yake. Nyingine ni yangu.

Sasa anataka Mwandĩki ihamishiwe Windows. Kanisani kwao Tetu, sekretari huchapa ratiba ya ibada kwa Windows, kisha huketi na kalamu akitia viwimbi kwa mkono, karatasi baada ya karatasi. Mama yake Mutahi humsaidia. Mutahi hawezi kuketi muda mrefu, kwa hivyo aliniomba mimi nifanye kazi hiyo. Nilikubali. Ningefanyaje? Mtu yuko kitandani.

Lakini siwezi. Kila kitu kizuri cha Linux kikipelekwa Windows, nani atakuwa na sababu ya kuhama? Mwandĩki ndiyo chambo pekee tulicho nacho.

Jumatano, 7 Julai.

Nimebandika tangazo mlangoni: HAPA HATUTUMII WINDOWS. Mama mmoja aliyekuja kuchapiwa barua alilisoma, akaniuliza hewa tunapata wapi.

Gatimu naye akavuka barabara kuja kulisoma. Ana shule ya kompyuta upande wa pili. Windows kila meza, na sijasikia kwamba alinunua hata moja. Alisema Mutahi amemweleza kuhusu uhamisho, na yuko tayari kusaidia. Nikamwambia hahitajiki. Akasema mtu huonja kitu kizuri nyumbani kwake kwanza, ndipo aulize kilikotoka. Nikamjibu kwamba anayeletewa maziwa mlangoni hana haja ya kumjua ng'ombe. Jibu hilo lilinifurahisha mchana kutwa.

Mpango umenijia wakati wa chai. Badala ya kuipeleka Mwandĩki kwenye Windows, nitawapeleka watu kwenye Linux. Nitaanza na kanisa la Tetu. Ombi la Mutahi litakuwa limetimia bila dhambi yoyote.

Ijumaa, 9 Julai.

Tetu. Nilivaa tai.

Gladwell, sekretari wa kanisa, alinipa chai na viazi vitamu. Nilimwambia nimetumwa na Mutahi. Hilo ni kweli kwa kiasi. Alifurahi, akasema wanamwombea kila juma, akaniachia meza yake, akaenda kuosha vikombe.

Linux huuliza swali moja kabla ya kufuta kila kitu kilichomo kwenye diski. Nilijibu ndiyo. Nilidhani inauliza kama niko tayari.

Gladwell aliporudi aliuliza orodha ya waliobatizwa iko wapi. Nikamwonyesha skrini nyeusi yenye maandishi meupe, nikamweleza kwamba sasa yuko huru. Akauliza tena. Kisha akauliza kuhusu matangazo ya ndoa, na wasifu wa marehemu wote aliowahi kuwachapia. Hakupandisha sauti. Aliketi, akavua miwani, akasema, "Hezekiah, hii ilikuwa kazi yangu ya miaka mingi."

Afadhali angenipigia kelele.

Mwandĩki yenyewe ilikataa kuelewana na printa yao.

Jumapili, 11 Julai.

Sikwenda kanisani. Nimesikia pasta alitoa matangazo ya ndoa kutoka kichwani, akamtangaza Muchiri na dada ya mchumba wake. Waliponisimulia walicheka. Wanasema Gladwell hakucheka. Amemwita Gatimu amrudishie Windows. Nusu saa tu ya uhuru, na mtu anarudi alikotoka.

Jumanne, 13 Julai.

Hospitali. Mutahi hakutaja Tetu. Labda hawajamwambia. Nilimpelekea avokado, hakuweza kula.

"Hezekiah, ile kitu imefika wapi?"

"Imebaki kidogo," nikasema.

"Basi ilete nione. Kesho kutwa."

Nikamweleza kwa upole msimamo wangu, kwamba programu zetu zikienda Windows tutabaki peke yetu kwenye Linux. Akasema peke yetu ndivyo tulivyo tayari. Akasema pia, "Mimi sikuandikia kompyuta. Niliandikia watu kama mama." Nikamwambia lile neno la maziwa na ng'ombe. Akafumba macho. Nilidhani analitafakari. Baadaye nesi alikuja na sindano, ndipo nikaelewa kwamba alikuwa na maumivu.

Alhamisi, 15 Julai.

Mpango mpya, na mzuri kuliko wa kwanza. Kuna namna ya kuivisha Linux sura ya Windows. Kitufe cha kuanzia kule chini pembeni, rangi ile ile ya kijivu, kila kitu. Nimeishughulikia tangu Jumanne, sikufungua hata ofisi. Mutahi angeiona, angeridhika, na hakuna chochote ambacho kingekuwa kimehama. Ilikuwa kwa faida yake.

Nilipeleka kompyuta hospitali kwa teksi, imefunikwa blanketi. Nesi alinionyesha soketi.

Gatimu alikuwa ameshafika. Alikuwa na kompyuta ya kupakata, ameiazima kwa rafiki yake anayefanya kazi hotelini huko Nanyuki, na Mwandĩki ilikuwa inafanya kazi ndani yake. Ndani ya Windows. Walikuwa wameihamisha wao wawili pale kitandani, Mutahi akieleza, Gatimu akiandika. Masharti ya Mutahi yanamruhusu yeyote, hata Gatimu. Mama yake Mutahi aliketi kando, akiandika jina la mwanawe kwa kidole kimoja. Mũtahi. Kiwimbi mahali pake.

Mutahi aliomba aone yangu. Alibonyeza mara moja tu, akatambua. Alicheka hadi nesi akaja kutazama.

"Umeweka hata pipa la taka," alisema. Alipumzika kidogo, kisha akasema polepole, "Kwa kazi hii yote, Hezekiah, ungekuwa umeshaihamisha."

Gatimu alitazama dirishani. Huo ulikuwa wema, na sikuupenda. Mutahi akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na baridi, na hakuuachilia mpaka usingizi ulipomchukua.

Jumapili, 18 Julai.

Mutahi alifariki jana alfajiri. Mimi nilikuwa nimepanga kwenda mchana.

Ijumaa, 23 Julai.

Tumemzika Tetu, upande wa juu wa shamba la chai la mama yake. Mvua nyembamba, udongo mwekundu viatuni. Ratiba ya mazishi ilichapwa na Gladwell kwa Mwandĩki, ndani ya Windows. Niliikagua mstari kwa mstari wakati wa sala, nikitafuta kosa. Sikupata. Gladwell alinipita na sahani ya chakula, akarudi, akanipa.

Dada yake Mutahi, Warigia, anayefundisha Endarasha, alinivuta kando. Alisema walimu wenzake wanaitaka Mwandĩki kwa ajili ya watoto wa darasa la kwanza, lakini printa ya shule inaikataa, na Gatimu ameshindwa na sehemu ile. Alisema Mutahi alimwambia kwamba sehemu ya kuchapa nilimsaidia mimi, na hakuna mwingine anayeielewa. Akaniuliza kama ningewasaidia.

Nilisema ndiyo. Nililia, na sikujificha. Warigia akasema ndugu yake alinipenda sana. Nikasema najua.

Jumatatu, 26 Julai.

Nilianza kazi ya Warigia asubuhi na mapema. Ilikuwa inaendelea vizuri. Kosa nimeliona, ni dogo, mtu angelirekebisha leo.

Kisha nikafikiri. Printa ile inakataa Windows tu. Kwenye Linux, nina hakika, ingekubali. Kwa nini nirekebishe kitu ambacho ndicho sababu nzuri kabisa ya shule nzima kuhama? Kanisa lilikuwa mahali pabaya pa kuanzia. Watu wazima wameshazoea. Watoto wa Endarasha hawajazoea lolote. Warigia atashangaa mwanzoni, kisha atanishukuru. Nitaenda Ijumaa, wakati walimu wako kwenye mkutano.

Mpango ulinipendeza hata sikuweza kukaa nao peke yangu. Nilivaa koti, nikafunga ofisi, nikashuka ngazi kwenda hospitali kumweleza Mutahi. Nilikuwa nimepita bucha nilipokumbuka.

Nilisimama pale kwenye ukungu kwa muda. Mwenye bucha akaniuliza kama nataka nyama. Nikasema hapana.

Nikarudi juu, nikatoa tai kabatini, nikaanza kupakia disketi za Linux.