Malalamiko Juu ya Baba Yangu Kukaushwa

Iyunga, Mbeya
10 Septemba, 1958

Bwana Mhariri,

Jana Jumanne, mbele ya watu sita wa ukoo wetu, Bibi Verediana, muuguzi wa zahanati ya jirani, alitangaza kwamba ngozi ya baba yangu, Mzee Asukile, imepona. Vidonda vya mapajani vimefunga, wala hakuna tena mahali panapomchonyota. Nakuandikia kumshitaki muuguzi huyo.

Wasomaji wako wasinihukumu bure. Baba anakaribia miaka themanini. Tangu Pasaka hainuki kitandani, na mkojo humtoka bila yeye kujua. Sisi wanawe tulimtunza kwa bidii. Tulimlaza juu ya mpira wa ndani wa gurudumu la lori, tulioupasua na kuutandaza, ili godoro lisiharibike. Tulimwosha mara moja kila asubuhi kwa sabuni ya mche na gunzi la mahindi. Palipochubuka tulipaka majivu. Mwanzoni mwa Agosti alikuwa akilia kila anapogeuzwa, nasi tukakubaliana kwamba ni uzee. Ndipo muuguzi akaja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Aliuondoa ule mpira, akauliza kama tuna vitambaa laini. Nikamjibu hatuna. Akaona sanduku chini ya kitanda, akalifungua. Ndani yake mlikuwa na mashuka tisa ya marekani, kile kitambaa kizito cha pamba, ambayo Bwana Yunusu, mwuza nguo wa Iringa, alituletea kwa ajili ya maziko ya baba. Kwetu mzee wa heshima hazikwi na shuka moja. Manne yamekwisha kukatwa vipande vya kumkinga mkojo. Yaani baba anatumia nguo za maziko yake akiwa hai, bila kikao chochote cha ukoo.

2. Ameamuru baba atazamwe kila baada ya saa mbili, na akiwa amelowa abadilishwe papo hapo. Nilimweleza kwa heshima kwamba hiyo ni kazi ya wanawake. Akasema basi aitwe mke wangu, Tupokigwe. Nikamweleza, tena kwa furaha, kwamba kwa mila yetu ya Kinyakyusa mke wangu haruhusiwi hata kuonana na baba mkwe wake. Muuguzi akasema mila ni mila, akanikabidhi beseni mimi. Nimeiheshimu mila hii maisha yangu yote. Sikujua kwamba ina beseni ndani yake.

3. Amepiga marufuku gunzi. Siku ya kwanza niliposhika kazi, aliniambia mbele ya mdogo wangu Sedekia: "Bwana Karani, huyu ni baba yako, si sufuria." Sasa ni maji ya vuguvugu na sabuni laini kidogo, kisha ngozi inakaushwa kwa kubonyezwa kitambaa polepole, hata kwenye mikunjo, bila kusugua. Mwisho inapakwa mafuta mazito, tabaka jembamba tu. Majivu ameyamwaga kwenye migomba.

4. Tulikuwa tumempunguzia baba chai ili mkojo nao upungue. Muuguzi amemrudishia, akidai kwamba mkojo wa mtu asiyekunywa ni mkali, na huunguza ngozi zaidi. Sasa baba anakunywa vikombe vinne, na akishakunywa anazungumza. Juzi aliuliza sanduku limebaki na mashuka mangapi. Nikamwambia matano. Akasema, "Kateni tu, mwanangu. Hayo ya kaburini sitajua kama ni laini."

5. Zamani wageni walisalimia wakiwa mlangoni kwa sababu ya harufu, wakatupa pole, wakaenda zao. Sasa wanaingia, wanakaa, wanacheka na baba mpaka jua linazama, na sisi hakuna anayetupa pole. Sedekia alitoka Ubaruku kuja kuzika. Hii ni wiki ya tatu anafua vitambaa.

Kwa hiyo naiomba Serikali iamuru kwamba mzee yeyote asikaushwe kabla ukoo haujapiga kura kama bado unamhitaji. Ikishindikana, Bibi Verediana ahamishiwe Igawa. Ngozi ya mzee mmoja ikiachwa ipone, wazee wengine watasikia na kudai. Mashuka ya maziko yatakwisha kutoka Mbeya hadi Iringa, nasi tutalazimika kuwaheshimu wazazi wetu wangali hai, jambo ambalo hatujajiandaa nalo.

Wasalimie wapiga chapa wako, na wasomaji wote wenye wazazi kitandani. Sisi hatujambo. Baba hajambo kutuzidi.

Ni mimi, ninayenung'unika kwa adabu,
Jailos Asukile, Karani

Baada ya kutia sahihi: Barua hii imenichukua siku nzima kwa sababu niliinuka mara tano kwenda kwa baba. Sedekia alitaka kunipokea zamu, nikamkatalia, yeye anasugua. Tafadhali, kama gazeti lako linafika Iringa, mwarifu Bwana Yunusu kwamba marekani yake ikiwa mpya inakwaruza. Tuliifua mara tatu ndipo ikalegea. Safari hii alete kitambaa laini zaidi. Shuka la tano linakatwa Jumamosi, tarehe 20 Septemba. Baba amesema mkasi atashika mwenyewe.