Samaki wa Marehemu Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Binti amepiga simu. Anakuja Jumamosi. Kasema akiikuta nyumba chafu kama alivyoiacha, nafungasha virago nikaishi kwake. Kwake! Chumba cha wageni, na mkwe akinisalimia kila asubuhi kama mkaguzi wa kodi. Sikubali ng'o.

Mpango: nyumba ing'ae. Nimeanza na tangi la samaki la marehemu mke wangu, maana ndilo Binti hulitazama kwanza. Maji yote nimemwaga. Changarawe nimezisugua kwa brashi. Sponji ya kichujio ilikuwa nyeusi tii. Nimeifua kwa sabuni hadi ikawa nyeupe. Nimejaza maji ya bomba, nikawarudisha samaki wote watano. Kioo kinameta! Mke wangu kwa miaka tisa hakuwahi kukifikisha hapo.

Nimeandika hivyo, kisha nikaona haya. Ana miezi saba kaburini.

Jumanne, 4 Machi
Maji yamekuwa kama yaliyooshewa mchele. Samaki wote wako juu, wanatweta, midomo wazi. Njaa! Nimewalisha mara tatu. Chakula kinazama, hawakigusi. Wamedeka hawa. Mke wangu ndiye aliyewaharibu.

Jumatano, 5 Machi
Wawili wamekufa. Mmoja ni Bibi Harusi, yule mweupe mwenye mapezi marefu, ambaye mke wangu alimwamkia kabla ya kuniamkia mimi. Nimewafukia kwenye chungu cha maua.

Jirani, mwalimu mstaafu wa kemia, ambaye mimi humwita Bwana Kipimo, kaja bila kualikwa. Kachovya karatasi yake ya kupimia majini, imegeuka kijani. Amonia, kasema, kwa raha ya mtu anayesahihisha mtihani. Eti inatokana na uchafu wa samaki wenyewe. Eti kwenye ile sponji nyeusi waliishi vijidudu wa kuula uchafu huo, nami nimewaua kwa sabuni. Vijidudu waliosalia wamemalizwa na dawa ya kuua viini iliyomo kwenye maji ya bomba. Nisiwalishe. Nibadilishe robo ya maji asubuhi na jioni, kwa maji yaliyolala ndooni. Na atanipa kipande cha sponji chafu ya tangi lake.

Niombe uchafu kwa jirani! Nimekataa. Akasema taratibu, "Mkeo alianzisha tangi hili kwa sponji yangu, mzee mwenzangu." Sikulijua hilo. Miaka tisa, na sikulijua. Nimemfungulia mlango atoke.

Mpango mpya: amonia inanuka, siki hukata harufu. Nimetia kikombe kizima.

Alhamisi, 6 Machi
Wawili tena. Amebaki Hakimu, yule mnene mwenye uso wa kutoa hukumu. Kalala ubavu. Nimekaa sakafuni mbele ya tangi nikaomba radhi kwa sauti. Sijui hasa nilikuwa namwomba nani.

Saa sita mchana nimeingia kwa Bwana Kipimo kwa mlango wa nyuma kuiba sponji. Mkono umo tangini hadi kiwiko, naye huyo, kasimama na taulo begani! Kaikata sponji vipande viwili, kanipa kikubwa. Tumeshinda pamoja kwangu tukibadilisha maji kikombe kwa kikombe. Jioni Hakimu kainuka. Bwana Kipimo kanipiga bega. Sikupenda. Nilipenda kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimenunua samaki wanne wanaofanana na marehemu. Bwana Kipimo kasema maji hayajapona, nisithubutu. Sawa. Wako kwenye beseni bafuni. Nitawatia dakika kumi kabla Binti hajafika. Kichwa hiki!

Jumamosi, 8 Machi
Binti hakuitazama sakafu wala mapazia. Kavuta kiti hadi kwenye tangi.

"Baba, Bibi Harusi alikuwa na pezi lililochanika."

Nikasema limepona.

"Baba."

Nikamweleza yote, hadi siki. Nikangoja aseme nifungashe. Akalia. Kumbe hakuja kukagua nyumba. Alikuja kukaa pale mama yake alipokuwa akikaa. Nami nikalia, mara ya kwanza tangu mazishi. Siku ile ya mazishi nilimwambia kila mtu kwamba nina mafua.

Bwana Kipimo kawachukua wale wageni wanne hadi maji yapone. Mbele yake Binti kaniapisha: nisioshe chochote, nisitie dawa yoyote, nifuate maagizo. Nimeapa. Kwa moyo wote nimeapa.

Jumapili, 9 Machi
Binti kaondoka asubuhi. Mimi nimebaki kwangu. Nimeshinda! Nyumba ni kubwa sana.

Hakimu yuko peke yake pembeni, hachezi. Bwana Kipimo kapima, kasema maji yanaelekea vizuri, nimwache apumzike. Anajua nini? Hii si amonia. Huu ni upweke, naujua, unaanza kama baridi miguuni.

Anahitaji joto. Niliapa kutoosha na kutotia dawa. Maji ya moto si dawa.

Birika limeanza kulia.