Ndege Naye Akate Tiketi

Habari ilifika kibandani kabla kahawa haijatulia. Kwetu unga wa kahawa humwagiwa maji ya moto humo humo kwenye bilauri, halafu unasubiri mashapo yashuke. Huo muda wa kusubiri ndio watu huutumia kuwasema wenzao.

Aliyeileta ni Kamusi. Jina lake halisi ni Pak Wiryono, yaani Mzee Wiryono, mwalimu mstaafu, na anasahihisha hata matangazo ya msiba. Aliisogeza simu mbali na macho akasoma tangazo la Pak Lurah, mkuu wa kijiji chetu: tamasha la Kaburi Wazi lisipojaza uwanja wa chini mwaka huu, kuanzia mwakani siku hiyo watapewa Chama cha Wafuga Ndege wa Mashindano.

"Wamechelewa," akasema Bure. "Mwaka jana nilisimama peke yangu katikati ya ule uwanja, nikadhani nimekosea kijiji."

Bure ni Mas Parjo, yaani Kaka Parjo. Hajawahi kuonekana akilipia kitu. Hata kahawa huanza kwa kuionja ya mwenzake, eti aangalie kama ina sukari.

"Uliingia na tiketi?" Kamusi akamuuliza.

"Mimi ni mtu wa ndani."

"Wa ndani ya nini?"

"Ya uwanja. Si nimekwambia nilikuwa katikati?"

Kaburi Wazi ni tamasha la muziki wa metali, ule wa gitaa za kukwaruza na waimbaji wanaokoroma kama wana mwiba wa samaki kooni. Mwenyewe ni Mas Kelik, fundi pikipiki, nywele mpaka kiunoni, fulana nyeusi jua liwake lisiwake. Ndiyo maana anaitwa Popo. Mdhamini hana. Mwenye kiwanda cha tambi alitaka kuweka bango lake jukwaani, Popo akakataa, akasema hajawahi kuona kaburi lenye tangazo la tambi. Mwaka wa kwanza mvua ikalizika. Mwaka wa pili watu walijaa kweli, ila nje ya uzio, kwa sababu sauti haina uzio. Bendi moja ya mjini ilirudi kwao ikatangaza kwamba kwetu iliwaimbia ng'ombe, na ng'ombe wenyewe waliondoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Popo akatokea na tiketi kwenye mfuko wa spana. Hakusalimia vizuri. Akaziweka mezani, karibu na tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, akaketi.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," Kamusi akasema. "Wewe umejitembeza mpaka soli imeisha."

"Na vitabu vyako vya mashairi, Pak, bado viko chini ya kitanda?"

Kamusi akakoroga kahawa ambayo ilikuwa imeshatulia.

Bure aliichukua tiketi moja, akaikagua mbele na nyuma kama daktari, akauliza kama ana nafasi ya jamaa wa karibu. Popo akamjibu kwamba kijiji kizima ni jamaa wa karibu. Aliyemuuzia oili ni mtu wa ndani, kinyozi ambaye hajawahi kumnyoa ni mtu wa ndani, mpaka dereva aliyemkosakosa na lori mwaka juzi amedai aingie bure kwa sababu alimwacha hai.

Shangazi yangu, mwenye kibanda, akamuuliza kwa nini asiwaache tu wafuga ndege wauchukue huo uwanja, apumzike.

"Bulik, siku ile ikienda, bendi haziji tena hapa," Popo akamwambia shangazi, akiitazama bilauri. "Bendi zisipokuja, hawa vijana wangu wote watakwenda mjini kufunga maboksi kiwandani. Nitabaki na ngoma gereji, sina wa kuzipiga."

Bure akauliza kama hizo ngoma zitauzwa au zitatolewa.

Aliyekuwa anangojewa siku ile ni Betri. Huyu ni Pak Tugimin, mwenyekiti wa chama cha wafuga ndege, na jina amelipata kwa mdomo wake usioisha chaji. Nyumba yake na gereji ya Popo zinachangia ukuta mmoja. Upande wa huku vijana wanafanya mazoezi ya ngoma kila alasiri, upande wa kule ananing'inia Sultani, ndege mweusi mwenye kifua chekundu na mkia mrefu, ambaye Betri alimnunua kwa kuuza pikipiki, na mkewe tangu hapo anakwenda sokoni kwa miguu. Betri ndiye aliyelalamika kwa Pak Lurah kwamba ngoma zinamharibu Sultani. Kwa miezi mingi alikuja kibandani kututangazia kwamba metali ni muziki wa watu waliokosa adabu, kazi na sabuni.

Akaja. Kikombe cha ushindi mkononi, kirefu kama mtoto wa chekechea. Mkono mwingine tundu la ndege, limefunikwa kitambaa. Wa kwanza mkoa mzima, Sultani amewapiga ndege wa matajiri. Sisi tukajiandaa kusikiliza mpaka magharibi.

"Nduk, kahawa," akaniambia, kama wazee wanavyowaita mabinti, akakaa. Basi.

Betri kunyamaza ni habari kubwa kuliko tangazo la Pak Lurah.

Kamusi akambana amtaje mwalimu wa ndege. Kwenye mashindano majaji wanatafuta ndege anayefyatua sauti haraka haraka bila kupumua, kwa hiyo wafugaji huwasikilizisha ndege wao sauti za wadudu na za ndege wengine mpaka wazishike. Hizo sauti ndizo walimu. Mfugaji atakutajia mshahara wake na ugonjwa wake kabla hajakutajia mwalimu wa ndege wake.

"Kigong'ota," akasema Betri, haraka mno. "Wa msituni. Nilimrekodi mwenyewe."

Bure, ambaye kitu cha kuangalia bure hakimpiti, alikuwa ameshanyoosha mkono. Akainua kitambaa.

Sultani akatikisa mkia, akafungua mdomo. Drrrrrrrrr. Ta, ta. Drrrrrrrrr, paa. Ndege akavuta pumzi, akarudia, na mwisho akaongeza kisauti kidogo: tik, tik-tik.

Popo akaiweka bilauri chini taratibu.

"Huyo si kigong'ota," akasema. "Huyo ni Gendon."

Gendon ndiye mpiga ngoma wa vijana wa gereji.

"Usinizingue," akasema Betri.

"Pak, hapo mwisho wa wimbo Gendon kila siku anaangusha kijiti. Kila siku namgombeza. Msikilizeni."

Tukasikiliza. Sultani akafyatua upya, mwendo ule ule wa gereji, kisha tik, tik-tik, kijiti kikaanguka sakafuni ndani ya koo la ndege.

Hapo Betri alionja alichokuwa akiwapikia wenzake. Kamusi alimwambia kumbe yale malalamiko kwa Pak Lurah yalikuwa njia yake ya kukwepa karo. Bure akasema mkoa mzima umempa kombe mtu aliyeangusha kijiti. Shangazi, ambaye huwa haingilii, alimuuliza kama naye sasa ameacha sabuni.

Betri akamvuta Popo kando, yaani hatua mbili, akaongea kwa sauti ya chini ambayo ilifika mpaka jikoni. Alitaka kuingia tamashani na Sultani, wakae karibu na ngoma, na mtu asijue. Wafugaji wengine wakijua, kombe la mwakani limepotea.

"Tiketi mbili," akasema Popo.

"Niko mmoja."

"Na ndege?"

"Ndege ni mzigo wa mkononi, Mas."

"Anakuja kusikiliza, Pak. Anayesikiliza analipa. Ndege naye akate tiketi."

Betri akalipa mbili. Bure akalalamika sana, akisema dunia imefika mwisho ikiwa ndege anaingia kwa heshima ya tiketi na mtu wa ndani anaachwa. Betri akatuapisha sote, mmoja mmoja, hata mimi nikiwa na birika mkononi.

Siri ilikaa mpaka mashapo ya kahawa ya jioni. Nani aliitoa sijui, ila najua Bure siku ile alionekana kibanda cha kijiji cha pili akinywa kahawa iliyolipiwa na mtu mwingine.

Kuanzia hapo gereji ya Popo ilianza kutembelewa na wazee ambao pikipiki zao hazikuwa na kasoro. Mmoja alisema amekuja kuongeza upepo, na alikuja kwa miguu. Kila mmoja aliuliza tiketi kwa kunong'ona, mbili, yake na ya "mgeni wangu," na kila mmoja akamsihi Popo asiwaambie wenzake. Popo hakumwambia mtu. Aliwauzia tu, na kila aliyenunua alidhani ni yeye peke yake mwenye akili mkoa mzima.

Siku ya tamasha uwanja wa chini ulijaa kabla ya adhuhuri. Vijana wa fulana nyeusi walikuwa kona moja. Kwingine kote ni wazee wa saruni na makoti yaliyovimba. Walipoonana, kwanza kila mtu alijifanya amekuja kumtafuta mjukuu. Halafu koti moja likalia, koti la pili likajibu, ikabidi watoe matundu, wakayapanga magotini.

Bendi ya mjini ikapanda, nyuso zimepakwa majivu. Mwimbaji akanguruma ile ngurumo ambayo kwao watu huipokea kwa kurukiana vichwani. Kwetu haikupokewa. Kijana mmoja alijaribu kupiga kelele akanyamazishwa na wazee uwanja mzima kwa mkupuo, ssss, kwa sababu kelele za watu zinamchafua ndege. Katikati ya wimbo, Betri akamfanyia mwimbaji ishara ya mkono ashushe sauti kidogo, ngoma zisikike. Mwimbaji akashusha. Mbele yake walikaa wazee hawapepesi macho, hawapigi makofi, na kila mmoja amepakata kiumbe cheusi kinachomtazama.

Bendi ile haikungoja hata wali. Lakini huko mjini waliwaambia wenzao kwamba wamezunguka kisiwa kizima kutisha watu, na mara ya kwanza wao kutishwa ilikuwa Kaburi Wazi. Kwamba kule wazee huja na mizimu kwenye matundu. Basi bendi zilizokuwa hazipokei simu ya Popo zikaanza kumpigia zenyewe, kila moja ikitaka kupimwa na wazee wetu. Pak Lurah akaandika kwamba uwanja umejaa, siku ni ya Kaburi Wazi.

Kibandani hakuna aliyempa hongera. Kamusi alisema sifa yake imejengwa kwa kinyesi cha ndege. Bure akasema metali imekufa, sasa ni shule ya chekechea ya ndege, na yeye kama mtu wa ndani ameaibika. Popo alikula tempe yake, anatafuna polepole kama mwenye mali.

Ndipo Betri akaja, tundu mkononi. Hakuomba hata kahawa. Akafunua kitambaa mwenyewe.

Sultani akafungua mdomo. Wiiiiiiiiii.

Shangazi akaziba masikio. Sauti ile tuliijua wote. Ni ile iliyopasuka kwenye spika siku ya tamasha, mshereheshaji alipopita mbele ya spika hiyo na kipaza sauti. Alipita mara nyingi, ana tabia ya kutembea. Na ndege hushika haraka kinachomshtua.

"Wote," akasema Betri. "Mashindano ya Jumapili, ndege wote wa mkoa wamelia hivyo hivyo. Jaji alikimbia." Akamgeukia Popo, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akimwomba mtu. "Gendon ataanza lini mazoezi? Lazima afundishwe upya."

"Jumatatu. Ila gereji ni mazoezi ya kila siku tu, Pak. Masomo yenyewe ni tamashani, na nitaweka spika mpya zisizopiga mluzi." Popo akaingiza mkono kwenye mfuko wa spana. "Tiketi za mwakani zimeshatoka. Ukiwahi kuna punguzo."

Betri akashika pochi. "Punguzo la ndege pia?"

"La binadamu tu. Ndege analipa kamili, yeye ndiye mwenye masikio."

Betri akalipa, akafunika tundu, akaondoka nalo huku likimlilia njia nzima. Kamusi akamfuata kwa nyuma akimsahihisha ndege matamshi. Bure alishaondoka zamani, kabla shangazi hajaifikia bilauri yake kudai pesa.