Panga Linaloogopa Mianzi

Kwa Fundi Mhunzi Ujihara,
Karakana ya chini ya daraja.

Kwa masikitiko makubwa nakutaarifu kwamba Jumapili, saa tatu asubuhi, mwanzi mmoja usiozidi unene wa kifundo cha mkono wangu ulinishinda hadharani.

Ilikuwa siku ya kufyeka njia ya hekalu, ambapo kila nyumba ya kijiji chetu hutoa mtu mmoja. Marehemu baba alitangulia mbele ya wafyekaji kwa miaka thelathini, akaniachia nafasi hiyo. Jumapili ijayo watamaliza kipande kilichobaki, na watachagua upya wa kutangulia. Kwa hiyo nalalamika hivi:

1. Panga halikati. Linagonga mwanzi, linateleza, kisha linarudi kutafuta muundi wangu. Niliupiga mara ishirini na sita. Mwenyekiti wetu, Bwana Nishiuchi, alihesabu kwa sauti. Mwanzi bado umesimama. Nadhani umenenepa.

2. Hukunizuia. Nililichagua panga hilo kwa makini kuliko nilivyochagua mke, maana mke nilichaguliwa na shangazi. Ulinishauri, "Mzee Takemori, chukua hili lililonolewa pande zote mbili, ni la bustani, halina matata." Mimi, mtu wa bustani! Nikang'ang'ania lile zito, nene mgongoni, lililonolewa ubavu mmoja kama la wakata miti wa kweli. Mhunzi mwenye utu angeninyang'anya.

3. Maneno ya watu. Bibi Chiyono, mwenye miaka themanini na mbili, aliweka mundu wake chini ili anitazame vizuri. "Wee Takemori, unaukata au unaupapasa?" Nishiuchi akamjibu, "Mwache, Bibi. Anaubembeleza ulale wenyewe." Nikahamishiwa kwenye birika la chai. Chai nayo iliungua, lakini hilo silipeleki kwako.

4. Kwa hiyo naomba ufike Jumapili, ukiri mbele ya nyumba zote kwamba panga ni bovu. Ukishindwa, nipe cheti chenye mhuri kinachosema kwamba kilichoota pale si mwanzi bali ni chuma. Ukishindwa na hilo pia, njoo uukate wewe mwenyewe alfajiri, kabla watu hawajaamka, nami nitanyamaza.

Msalimie mama wa nyumbani, mafundi wenzako wote, na yule paka anayelala juu ya mkaa.

Ni mimi niliyeonewa,
Takemori Yasukichi,
Mtangulizi wa njia (hadi Jumapili).

Nyongeza: Mke wangu, Fusae, amesoma barua hii, akatoka na panga, akaukata ule mwanzi kwa pigo moja la mkono wa kulia. Nikamwambia ni bahati. Akakata wa pili. Kisha akauliza, "Baba, fundi alipotaka kujua unatumia mkono gani, ulimwambia upi?" Nikakumbuka: ulinipa karatasi nijaze, kalamu ilikuwa mkono wa kulia, nikaandika "kulia". Mwalimu wa darasa la kwanza alinifunga mkono wa kushoto hadi nikajua kuandika kwa wa kulia. Kuandika na kula nafanya kwa huo. Mengine yote, kwa wa kushoto. Na panga la ubavu mmoja hutii mkono mmoja tu, ule uliotengenezewa.

Jumapili atatangulia Fusae. Mimi niko kwenye birika.