Paulo na Mateo, Nani Mukubwa

Jumanne, 5 Juni 1956

Nilikuwa nimefika wapi? Jana muteja alinikata katikati. Ndiyo, kwa Mbonigaba wa Nyamyumba. Bon. Jumamosi ya wiki ijayo anaenda Mahoko kumuombea kijana yake bibi. Hana kaka, hana baba mudogo. Donc musemaji wa familia atatoka kwetu, marafiki yake wawili: mi ao Twagirimana. Musemaji anakaa kiti ya mbele, anakunywa wa kwanza kwenye mutungi, na akifungua kinywa watu wote wananyamaza. Wote! Laurence, bibi yangu, hajaninyamazia ata siku moja tangu tuoane. Ile kiti naitaka kuliko mbingu.

Desturi inasema mukubwa ndiye anasema. Sasa nani mukubwa? Siku ya kuzaliwa hakuna anayejua, mama zetu walihesabu kwa njaa na kwa moto ya volkano. Ubatizo, tulibatizwa pamoja kwenye misioni ya Nyundo, siku moja, maji moja. Mi nikaitwa Paulo, yeye Mateo.

Leo kwenye baraza ya duka ya Kadiri, muuza vitambaa, pale naweka cherehani yangu, Twagirimana akaleta akili mupya. Akasema jina ndiyo itaamua. Mateo iko mbele kabisa katika Agano Jipya, ukifungua tu unamukuta mulangoni. Paulo iko huko nyuma kama mukia ya kondoo. Baraza yote ikacheka. Huyu mutu anauza samaki, mwezi muzima hasemi maneno kumi, na yote kumi amekuja kunitupia mimi. Mbonigaba akaona ni akili nzuri, akasema tumupatie jibu Jumapili, siku ya Mungu, misa ikiisha. Kadiri akasema anashukuru yeye ni Mwislamu, kwao hakuna bia ya kugombania.

Alhamisi, 7 Juni

Nimefika kwa Phocas. Phocas alisoma seminari mupaka siku alimuona Mukamusoni, akatoka, akaoa. Sasa ni karani, lakini kichwa ingali ya padri. Nilimupelekea suruali yake, nimeitia viraka bure, ili akili yake ikae upande yangu.

Akanieleza vizuri. Kupanga kitabu si kuandika kitabu. Barua za Paulo ziliandikwa karibu mwaka ya hamsini. Si hii yetu, ile hamsini ya kwanza kabisa. Wazungu wengi wenye kusoma wanasema Injili zote zilikuja nyuma yake, Mateo pengine mwaka ya sabini ao zaidi. Nikataka kumubusu mikono.

Halafu akaharibu. Akasema mapadri wake walifundisha kwamba Mateo alitangulia, aliandika kwa luga ya kwao, nyuma ikageuzwa Kigiriki. Nikamuuliza hiyo ya luga ya kwao iko wapi. Akasema hakuna mutu ameiona. Aa, basi! Ni kama ng'ombe ya Twagirimana, ile anasemaka iko kwa shemeji yake kule Masisi. Tunaisikia tangu wakati wa vita, ata maziwa yake hatujanusa.

Na kitu ingine nimefikiri mi mwenyewe, bila karani. Kwenye misa, barua ya Paulo inasomwa mbele, Injili nyuma. Kila siku ya Mungu! Phocas akanyanyua kidole, alitaka kuongeza kitu, lakini nilikuwa nimeshafika njiani. Nilimukuta Mbonigaba kwenye gati, nikamuambia siku ya Mungu atege masikio, atasikia nani anatangulia.

Jumapili, 10 Juni

Tulikaa benchi ya mbele, Mbonigaba katikati yetu. Saa ya barua ikafika. Nikamugusa Mbonigaba na kiwiko. Padri akasema: somo katika barua ya Petro.

Petro! Nani alimuita?

Mabega ya Twagirimana ndiyo ilikuwa inacheka, benchi yote ikatikisika. Nikajituliza, nikasema bon, sasa tutasikia huyo Mateo wake. Padri akafungua Injili. Luka, kondoo aliyepotea. Mi nikacheka kwa sauti, mama mumoja akanipiga rozari kwenye shingo.

Inje tukagombana sawasawa. Twagirimana akasema barua tunaisikiliza tukiwa tumekaa, Injili tunasimama. Mutu anasimamaka kumuheshimu mudogo? Nikamujibu, Injili zote ziandikwe mbele na Paulo akose kuzitaja ata moja? Zilikuwa wapi, Masisi? Mbonigaba akakuna kichwa, akasema atamuuliza Phocas yeye mwenyewe.

Jumatatu, 11 Juni

Nimeshinda! Mbonigaba amekuja baraza, amesema mbele ya watu kwamba Paulo aliandika mbele, donc mukubwa ni mimi. Nikamuambia Kadiri anikatie kitambaa ya koti, ile ya bei.

Mbonigaba akasema nisubiri kidogo. Kumbe alimuuliza Phocas kitu ya pili: huyu Paulo alikula na Yesu? Phocas akasema hapana, hakumuona Yesu akitembea hapa duniani. Na Mateo je? Mateo alikaa naye meza moja, akamukaribisha ata kwake. Basi Mbonigaba akasema kule Mahoko watauliza kijana amekomaa namna gani, nani alimuona. Anataka mutu aliyekuwa hapo, kama Mateo. Twagirimana atasema. Paulo yeye alitumaka barua, kwa hiyo mi niandike barua ya kuwapasha habari tunafika, halafu nibaki.

Kadiri akarudisha kitambaa yake kwenye rafu, polepole, akiniangalia.

Jumatano, 13 Juni

Barua imekwenda. Waliniambia niseme siku na saa tu. Lakini Phocas anasema barua za Paulo ndizo zimeongoza kanisa yote mupaka leo, kushinda watu waliokuwa mezani. Donc nimeandika sawasawa na yeye. Nimeanza: mimi Paulo, kwa watu wote wa Mahoko, neema na amani. Nimewafundisha mambo ya ndoa, mambo ya pombe, mambo ya wanawake kunyamaza. Karatasi zote za Kadiri zimeisha. Wakisoma, wataniita wao wenyewe.

Ijumaa, 15 Juni

Jibu imefika. Watu wa Mahoko wanasema karibuni sana, mukuje wote kesho. Isipokuwa yule aliyeandika abaki nyumbani, wao wameshamusikia.

Laurence ameisoma mara mbili. Anataka kuiweka kwenye ukuta.

Na Twagirimana hana haya. Ameniletea koti yake ninyooshe, ya kuvaa kesho kwenye ile kiti. Akasema, tafadhali, mukubwa. Nimeweka makaa kwenye pasi, nimeanza na mugongo.

Haizuru. Leo asubui Phocas ameniambia kitu muzuri kabisa. Kuna wasomi wanasema barua ya Yakobo ni ya zamani kushinda zote, ata za Paulo! Na huyu Yakobo wanamuitaka ndugu ya Bwana. Donc alikuwa hapo, alikula meza moja, na akaandika mbele. Hakuna mutu wa kumupita. Mwezi wa nane iko harusi ingine Nyamyumba, na musemaji hajapatikana. Jumatatu napanda Nyundo kumuuliza Padri kama mutu muzima anaweza kuongeza jina. Paulo Yakobo Munyaneza. Inakaa vizuri ata kwa barua. Nitaanza hivi: mimi Yakobo, kwa

Laurence anaita. Anauliza ni nini inatoa moshi kwenye koti ya