Ombi la Kuandikishwa kama Punda Milia

Yonatani Gasore
Kijiji cha Kashojwa, Makazi ya Wakimbizi ya Nakivale
11 Juni 2012

Kwa Mkuu wa Hifadhi ya Vilima vya Rwenturo,
Ofisi ya Kamukuzi, Mbarara.

KUHUSU: NG'OMBE WANGU BIHOGO, PUNDA MILIA WAKO, NA OMBI LA KUHAMISHWA HIFADHI

Mheshimiwa Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na nyumba yako, pamoja na wanyama wako kwa aina zao, isipokuwa punda milia, ambao nitawasalimu mwishoni tukiwa tumeelewana.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, mfugaji kwa kuzaliwa na mkulima kwa kukosa jinsi. Nina mke, Mukarukundo. Nina binti, Umuhire. Na nina ng'ombe mmoja tu, Bihogo, mwekundu wa kuiva, ambaye tangu Jumatatu ya wiki iliyopita yuko kizuizini kwenye lango lako. Ndama wake wa wiki sita alibaki kwetu. Analia mpaka watu wa Misiera, kijiji cha jirani, wanauliza kama tumefiwa. Umuhire anamnywesha uji kwa chupa, lakini uji si maziwa, na ndama analijua hilo kuliko sisi. Amekonda, ninaweza kuhesabu mbavu zake nikiwa nimekaa mlangoni. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Mengine yote ni maelezo.

Nimeyapanga kwa namba, maana nimeona maofisini kwamba barua yenye namba husomwa angalau mpaka namba ya pili. Yangu inafika ya sita. Nivumilie.

1. Kwanza ni neno. Nilipofika nchi hii nilikaa miaka miwili na miezi minne mbele ya mlango wa ofisi moja nisiyoitaja, nikisubiri kuulizwa kwa nini nilikimbia. Siku ilipofika, mkalimani wetu Constantin, ambaye alisoma Kigoma na anapenda Kiswahili cha vitabuni, alinisomea karatasi yangu akasema: "Gasore, umepewa hifadhi." Nilifurahi sana. Kisha mwaka jana tulipita pamoja langoni kwako, akatusomea bango lako la Kiingereza, na akasema tena: "Hapa ni hifadhi." Nikamuuliza kama ni ileile. Akafikiri, akasema neno ni lilelile. Basi, Mheshimiwa, kama neno ni moja, tunaomba na matunzo yawe mamoja. Kwa sasa tofauti ni kubwa, kama utakavyoona.

2. Kati ya shamba langu na kilima chako cha kwanza kuna bonde moja na mawe matatu ya mpaka yaliyopakwa chokaa. Mimi nikitaka kwenda Mbarara, hata kama ni kung'oa jino, naomba barua ya ruhusa, yenye tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Jino langu la nyuma lilitoka lenyewe kabla ya barua. Punda milia wako huvuka yale mawe wanavyotaka, kumi, kumi na watano, pamoja na watoto wao, bila kuulizwa jina la baba. Mwezi wa tano walikuja asubuhi watu wakiwa kanisani, wakala maharagwe yangu yaliyobakiza siku chache kuvunwa. Hawakula yote. Walichagua. Yale mabichi mabichi ya katikati wakayamaliza, na yaliyobaki wakayalalia.

Nilikwenda kulalamika kwa askari wako wa wanyama. Aliniambia nisiwapige, kwa sababu wanalindwa. Nikamwambia hata mimi ninalindwa. Akanitazama kwa huruma.

3. Jumatatu niliyoitaja, punda milia hao hao walipokuwa wanarudi kwao wameshiba, Bihogo aliwafuata. Simlaumu. Aliona wageni wakienda na hakuna aliyewasimamisha, akadhani njia ni ya wote. Alipovuka jiwe la pili, askari wako Kayumba akamfunga kamba. Nilifika nikihema. Kayumba akaniambia: "Wewe mzee, hii ng'ombe imeingia bila pamisoni. Hapa ni ya wanyama." Nikamweleza kwa upole kwamba Bihogo pia ni mnyama, ana kwato nne na mkia. Akasema: "Hapana hii. Wanyama ya ukweli."

Mheshimiwa, nimelala na sentensi hiyo siku nane. Naomba ofisi yako inifafanulie kwa maandishi ni mtihani gani ng'ombe wangu alishindwa.

4. Sasa historia, maana nisingependa kuandika kwa ofisi bila kusoma bango lake. Bango linasema hapo zamani vilima vilikuwa na nyasi na wafugaji. Wakaja mbung'o, ng'ombe wakafa na watu wakaondolewa. Mbung'o walipopungua, wakaja wawindaji wenye bunduki. Wafugaji wakarudi. Ikatangazwa hifadhi, wafugaji wakaondolewa. Ikaja vita, wakaingia. Vita ikaisha, hifadhi ikakatwa nusu, na katika nusu iliyobaki wafugaji wakaondolewa tena. Nilipomaliza kusikiliza nilimwambia Constantin: hili si bango la wanyama, hii ni hadithi ya kwetu, wamebadilisha majina tu.

Jirani yetu Kabanda, mwenyeji wa hapa, alizaliwa juu ya kilima chako cha tatu. Bango halimtaji. Anapajua palipokuwa zizi la baba yake kwa sababu majani ya hapo yana kijani cha peke yake mpaka leo, miaka yote hii tangu ng'ombe wa mwisho alale pale. Ni hapohapo punda milia wako hupenda kusimama, na watalii huwapiga picha wakifurahia asili. Kabanda huwaangalia akiwa upande wa nje wa mawe. Anasema: "Hiyo ni mbolea ya baba yangu wanapiga picha."

Nami kama mfugaji niseme jambo moja bila mzaha. Vilima vyako vinaota miiba. Ng'ombe walipoondoka na moto wa kuchomea nyasi kuukuu ukakatazwa, mgunga ulishika kila mahali, nyasi zikazibwa. Punda milia hapendi kichaka, anaogopa asichokiona. Ndiyo maana anakuja kwetu, ambako ng'ombe wamefupisha majani na mtu anaona mbali. Kwa maneno mengine, mlifukuza ng'ombe ili punda milia akae, na sasa punda milia anamtafuta ng'ombe. Hilo naandika bure, mtaalamu angewadai.

5. Hapa nitasema kidogo tu. Nasikia sehemu ya vilima vya kwetu, kule juu ya Uvira, nayo imewekewa mpaka, ikaitwa hifadhi. Kama ni kweli, kaburi la baba yangu limo ndani. Maana yake baba amepewa hifadhi bila kupanga foleni, na hakuna ruhusa ya kumsumbua. Nilimwogopea sana kulala peke yake kule. Nilipoambiwa, nilicheka; kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu niliona kwamba sasa hata vita ikiisha, nitahitaji tiketi ya mtalii ili nikafyeke majani juu yake.

6. Kutokana na hayo yote, kwa akili timamu na bila kulewa, naomba nifutwe katika hifadhi ya wakimbizi niandikishwe katika hifadhi yako kama punda milia. Sifa ninazo:

Mistari: shati langu la Jumapili. Kama haitoshi, nina makovu mawili begani, yamelala sambamba.

Chakula: nimekula majani maisha yangu yote. Tunayaita sombe na lengalenga, tukiweka chumvi ikiwepo, lakini naweza kuiacha.

Alama za vidole: punda milia hana vidole. Mimi vyangu nimeviacha juu ya karatasi nyingi mpaka nadhani vimepungua.

Kazi: nitafyeka mgunga. Waliopo hawafyeki.

Picha: watalii waruhusiwe, ila wasiniambie nigeuke.

Nikishaingia, nitamkamua Bihogo mwenyewe hapo langoni na kumpitishia ndama maziwa juu ya mawe. Hakuna sheria itakayovunjwa, kwa kuwa itakuwa ni jambo kati ya wanyama. Naona hii ndiyo njia nyepesi zaidi kwa ofisi yako, kuliko kumfungua kamba ng'ombe mmoja.

Sikufichi kwamba mke wangu hajakubali. Aliposikia alisema: "Sasa weye utakuwa munyama, na miye bataniita bibi ya munyama?" Naendelea kuzungumza naye. Nimemkumbusha kwamba mke wa punda milia hachoti maji.

Nikitumaini jibu kabla ndama hajafa, nakuomba unisalimie karani wako, askari Kayumba (simchukii, ana watoto), viboko wa ziwani, swala wote na korongo wenye mataji. Mchungaji wa kanisa letu anakusalimu. Umuhire anakusalimu na kuuliza kama Bihogo ananyweshwa maji mara mbili, maana amezoea mara mbili.

Mimi wako katika hifadhi, ile nyingine,

Yonatani Gasore

Nakala: Kamanda wa Base Camp (ofisi kuu ya makazi yetu), Mchungaji, Ndama (atasomewa na Umuhire).

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua. Leo asubuhi, tarehe 12, punda milia mmoja alivuka mawe peke yake. Sisi tulitoka na fimbo, mimi mbele, kwa ajili ya maharagwe. Hakwenda shambani. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa ndama, akasimama. Tukaona waya wa mtego umeingia ndani ya mguu wa nyuma, mpaka kwenye mfupa, na waya huo ulitegwa huko kwako, kati ya miiba, na watu ambao bango haliwataji.

Laurent, mwenyekiti wa kijiji, akasema: "Tumufunge! Balete ng'ombe yako, nabo bapate yao. Ni haki." Watu wote wakakubali. Mheshimiwa, nakiri niliishika kamba. Sijawahi kuwa na haki kubwa namna ile mkononi. Mukarukundo hakupiga kelele, aliniuliza tu: "Baba Umuhire, siku tulifika huku, ni nani alitufunga?"

Nikaiweka kamba chini. Kabanda akaukata waya kwa koleo, sisi tukimshika punda milia kichwa. Umuhire akaleta maji ya ndama. Sasa yeye punda milia na ndama wamelala pamoja chini ya ukuta, na ni mara ya kwanza kwa siku tisa ndama hajalia.

Kwa hiyo naomba namba ya 2 ifutwe, maana maharagwe yaliyobaki nimemlisha kwa mkono wangu. Na namba ya 6 ifutwe pia. Ikiwa mwenye mistari kamili amekimbia kwako akaja kwetu, mimi mwenye shati nitafuata nini huko? Hana karatasi yoyote. Hatukumuuliza. Atakaa mpaka aweze kutembea, kisha ataondoka akitaka, na hatumshikilii kwa sababu ya mtu yeyote wala ng'ombe yeyote.

Njooni upesi na dawa ya kidonda. Na kama garini itabaki nafasi, njooni na Bihogo.

Y. G.