Meno ya Zabibu

Jumamosi, 6 Januari 2024. Chula.
Zabibu hataki kula. Paka mzee kuliko nusu ya ndoa za kisiwa hiki! Shavu limevimba, mdomo unanuka. Mke wangu Khairat anataka tumpeleke Kismayo kwa daktari wa mifugo. Nikamwambia hakuna haja, akili ninazo. Nimemsugua ufizi kwa karafuu. Kaning'ata vidole viwili. Basi meno mengine bado mazima.

Jumapili, 7 Januari.
Nimemwambia Khairat uvimbe umepungua. Akamtazama paka, akanitazama mimi, akaenda kufunga mizigo.

Jumatatu, 8 Januari. Kismayo.
Tumevuka kwa boti, Zabibu kapuni. Jirani yetu Nasrudin naye yumo. Kila safari yumo! Njia nzima akiuliza ni nani anayesafiri na paka.

Daktari Hodan amezoea zaidi mbuzi na ngamia. Alimfunua mdomo, akasema meno yameoza, yang'olewe yote, na lazima apigwe sindano ya usingizi. Nikauliza kama ataamka. Kwa umri wake, akasema, huenda asiamke. Tukimwacha, atakufa kwa njaa, polepole. Tumpe jibu kesho.

Khairat akasema, "Analala kifuani mwako. Sema wewe."

Kweli, analala hapo tangu binti yetu Rawda, mwenye paka, alipoolewa Mombasa.

Jumanne, 9 Januari.
Hila: Nasrudin ndiye aamue. Paka akifa, lawama zake. Nimemkuta sokoni, nikamuuliza kijanja, eti kuna mtu ana paka mgonjwa, amng'oe meno au amwache? Nilitegemea atacheka. Hakucheka.

"Mwambie huyo mchu," akasema, yaani mtu kwa Kibajuni chetu, "hata mimi ningeogopa."

Kisha akanifuata mpaka kwa daktari, bila kualikwa.

Nilisema ndiyo. Daktari hakusikia. Nikasema tena. Alipopigwa sindano, Zabibu aliweka kichwa mkononi mwangu, kikawa kizito polepole, wakamchukua.

Tukangoja. Khairat akivuta tasbihi. Nasrudin kaketi ubavuni mwangu, kimya. Mara ya kwanza maishani mwake!

Alasiri wakaturuhusu kuingia. Sikio moja likatikisika. Nikalia. Nasrudin akatazama ukutani.

Alhamisi, 11 Januari. Chula.
Zabibu hana jino hata moja. Nampondea samaki kwa vidole, anakula, anakoroma kwa raha. Rawda kapiga simu. Nikamwambia mimi sikusita hata kidogo, mama yake ndiye aliyeingiwa na hofu. Kumbe Khairat yuko nyuma yangu! Alichukua sahani yangu ya samaki, akampa Zabibu.

Haidhuru. Mpango wa kumlainisha Khairat ninao tayari.